Mlango wa Suud

Ibra, Omani, 12 Januari 2024

Mahfudha,

Mie mzima. Mbuzi wazima. Falaji inakwenda, maji ya mfereji yanafika mpaka shamba la mwisho. Thabit jirani anakusalimu, na mkewe anauliza ile dawa ya magoti uliyomwahidi.

Simu mbovu. Usiniulize tena simu. Ukiwa na neno andika, au mpigie Thabit, ataniita juu ya ukuta kama siku zote.

Neno lenyewe hili. Mke wangu Wadha, mwaka umeshapita tangu atangulie. Watoto hatukujaaliwa. Chumba alichokuwa akilala mama nimekipiga plasta, dari halivuji tena, dirisha linatazama mitende. Wewe mumeo mliachana zamani, Shatha wako kaolewa yuko Kanada. Uko peke yako huko kwenye baridi, mie peke yangu huku. Mtu mwenye akili angesema nini? Njoo ukae.

Mie sina maneno mengi. Skuli niliacha darasa la nne, unajua. Kazi yangu kupanda mitende ya watu na kutoa mchanga kwenye falaji. Nyumba ipo. Chakula kipo. Jibu.

Juzi nimesinzia mchana shambani, nikakuona umekaa kwenye ngazi ya nyumba yetu ya Vikokotoni, Unguja, mdogo, unavua viatu. Sijui kwa nini nakwambia.

Thuwaini


Hollowell, Uingereza, 3 Februari 2024

Kaka Thuwaini, shikamoo.

Barua yako imenikuta na mafua, lakini si ya kulala. Shatha anakubusu mkono, ana mimba ya miezi mitano na hamu yake yote ni ndimu na chumvi. Dawa ya magoti nimeitia posta, mwambie mke wa Thabit asipake nyingi.

Kaka, simu ikiharibika hutengenezwa. Au mtu hununua nyingine. Mwaka mzima? Haya, sisemi.

Barua nimeisoma jikoni, nimesimama, mpaka chai imepoa. Chumba cha mama. Lile dirisha. Ile mara ya mwisho nilipokuja, Wadha alikuwa akinifungulia asubuhi, jua linaingia limekatwakatwa na makuti, nikawa sijui kama nimeamka au bado.

Lakini kuna jambo sijakwambia. Mwezi wa Mei huku kuna uchaguzi wa baraza la mji, hiyo mnayoita nyie baladia. Hollowell ni kata moja, pembeni ya mji. Kuna kiwanda cha baiskeli kilichofungwa, na reli imepita katikati. Mie nagombea udiwani. Usicheke.

Sababu ni bwawa. Lile bwawa la ndani la kuogelea, lenye vigae vya kijani, Jumanne asubuhi wanaingia wanawake tu. Kazi yangu ya kuwaogesha wazee majumbani imenivunja mgongo, na yale maji ndiyo yaliyoninyosha. Nalala chali, masikio ndani ya maji, nasikia kitu kama adhana ya mbali, na hakuna msikiti karibu. Sasa baraza linataka kulifunga. Nikamuuliza diwani, 'Mbona mnafunga?' Kanijibu, 'Hapana mtu aliyesema neno.' Basi nimesema mie.

Chama sina. Nimesimama peke yangu. Kata hii ni ya chama chekundu tangu Shatha hajazaliwa, lakini kila mwaka kura zao zinapungua. Wanaowakimbia hawaendi kwa chama kingine, wanakaa majumbani. Katika watu mia, sabini hawatoki. Hao ndio ninaowataka.

Nikishindwa nakuja. Wallahi nafunga mizigo nakuja kukaa. Nikishinda ni miaka minne hapa, siwezi kuwaacha watu. Nimeapa hivyo. Niombee dua kaka.

Kila jioni natoka kugonga milango. Huku hakuna hodi. Unagonga, unarudi nyuma, unasimama unatazama mlango wa mtu kama mwizi. Miaka yote hii sijazoea. Ulimi unaniwasha.

Mdogo wako,
Mahfudha


Ibra, 26 Februari 2024

Mahfudha,

Kunywa tangawizi. Mbuzi mmoja kazaa. Dawa imefika. Goti moja la mke wa Thabit limepona, la pili anasema bado linafikiria.

Nimecheka. Thabit naye kacheka. Thabit kasema, 'Dada yako kichwa chake kigumu kama gogo la mtende.' Nikamwambia tumezaliwa hivyo nyumba nzima.

Sisi hapa wakili wa falaji, yule anayegawa zamu za maji, tulimchagua hivi. Tumekaa kwenye sabla, ule ukumbi wa mtaa wetu, tunakunywa kahawa. Mzee mmoja kasema, 'Thabit.' Hapana aliyesema kitu. Ikawa Thabit. Yeye mwenyewe hakusema kitu, alikuwa na tende mdomoni. Sasa mtu mzima kwenda mlango kwa mlango anaomba, mie sielewi. Huoni haya?

Dua. Unataka nikuombee ushinde, na ukishinda huji. Nimekwenda msikitini nimenyanyua mikono. Nikakaa nayo hivyo hivyo, mitupu. Nimeiteremsha. Sikuomba ushinde, sikuomba ushindwe. Hapo ndipo nilipofika.

Sasa hivi tunapandisha mitende, tunatia ua la dume kwenye la jike. Nashinda juu na kamba kiunoni. Kule juu kuna upepo, watu huwasikii. Jana nimeuona mtaa wako. Sikulala, nilikuwa macho. Milango imepangana, yote imefungwa, na katikati ya njia yanapita maji kama falaji. Wewe unapita pembeni. Kila ukigonga, maji yanasita kidogo, kisha yanakwenda.

Niandikie milango ina rangi gani.

Thuwaini


Hollowell, 17 Machi 2024

Kaka yangu, shikamoo. Ramadhani karimu.

Nafuturu kwa tende zako zile za mwaka jana, nazikata nusunusu zisimalizike. Shatha anasema daktari kamwambia mtoto ni wa kike. Anataka kumwita Wadha. Kama hutaki sema, hatakasirika.

Haya, milango. Kilimani, Mtaa wa Quarry, ni nyeusi, ina shaba inayong'aa mpaka unajiona. Wale wanapiga kura hata mvua ya mawe ikinyesha. Wengi wazee, wanapiga kwa posta. Karatasi ikifika wanatia alama pale pale, kwa hiyo natakiwa niwahi kabla ya karatasi. Bwana Arthur ninayemuogesha asubuhi kapigia chama chekundu tangu ujana wake. Kasema mkono wake unakwenda wenyewe, lakini mwaka huu ataukamata kwa mkono wa pili.

Chini ya reli milango imebabuka, ya kijani, ya kahawia, mingine ya mabati. Kengele hazilii. Huko ndiko wasikotoka. Juzi mtu kanambia kupitia tundu la barua, 'Mie kura nimeacha kama nilivyoacha sigara.' Nikamuuliza, 'Na sigara uliacha kweli?' Kacheka mpaka kafungua. Alikuwa anayo mkononi.

Kila kata ina viti vitatu. Kila mwaka wanachagua kimoja, miaka mitatu mfululizo, na wa nne wanapumzika. Mwaka jana cha kwetu kilipatikana kwa kura za kujaza sebule moja tu. Kwa hiyo mlango mmoja huku si kitu kidogo.

Na huo ndio ugumu wangu. Kuna mlango wa buluu, kona ya Mtaa wa Larch. Ndani mna wapiga kura sita. Ni wa Suud, mtoto wa ami yetu, tuliyekula naye sahani moja. Mie napita upande wa pili wa njia. Wiki iliyopita Buthaina mkewe kaniona kutoka dirishani, kanipungia mkono. Nikajifanya natafuta ufunguo mkobani.

Lakini aliyekuvunjia heshima wewe kanivunjia mie. Sikuulizi. Ila sitagonga pale mpaka unambie kwa mkono wako.

Mahfudha


Ibra, 9 Aprili 2024

Mahfudha,

Idi kesho au keshokutwa. Mbuzi mmoja anaondoka, hajui. Ramadhani nimefunga yote, na mara mbili nimechoma mkate.

Jina la mtoto sikatai. Mwambie Shatha asilifupishe.

Rangi za milango nimezipata. Naziona vizuri sasa. Nyeusi, kijani, kahawia.

Na wa buluu. Barua yako imekaa mfukoni mwa kanzu mpaka imelowa jasho.

Wadha alipokufa nilikaa kwenye sabla siku tatu za matanga. Watu walikuja kutoka Nizwa, kutoka Sur, kutoka Wadi Bani Khalid. Mmoja katoka Tiwi na samaki. Wewe uko mbali ulimpigia Thabit, ukalia, nikakusikia. Watu wa Unguja walimpigia Thabit. Kila simu yake ikilia nilikuwa namtazama usoni. Suud hakupiga. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja mpaka tumeota ndevu. Siku ya tatu nimesema mbele ya watu, huyo naye tumemzika.

Jana mchana nimelala chini ya ule mtende wa baba. Nimeota niko kwako. Napita milango, maji yanapita pembeni yangu, hapana mtu. Nikafika kwenye wa buluu. Wadha kakaa kizingitini anachambua mchele. Kanitazama, kasema, 'Mbona mnaniweka nje?' Kisha kaendelea na mchele wake.

Gonga.

Watu sita wengi. Wakikupa kura, labda unashinda, na ukishinda huji. Hilo sihitaji kuelezwa. Gonga.

Thuwaini


Ibra, 19 Aprili 2024

Mahfudha,

Tuko salama. Mvua imepiga, wadi, hii mito mikavu ya mabondeni, zimeshuka kwa nguvu. Mungu awarehemu waliokwenda na maji. Falaji imejaa mawe na tope, tumo ndani tunatoa. Mbuzi waliobaki wazima.

Ile barua niliyoandika kabla ya Idi haikuondoka. Thabit alikuwa nayo garini, posta wamefunga, kisha wadi imekata njia. Kaja nayo kwangu. Imelowa pembeni lakini inasomeka. Kaniuliza, 'Nikuachie au niende nayo?'

Nikamwambia niachie.

Nimekaa nayo kutwa. Nimeiweka dirishani chumba cha mama ikauke. Nikawa naitazama. Ingebaki pale dirishani, hapana ambaye angenilaumu. Wangesema mvua. Wewe usingegonga, labda ungeshindwa, ungekuja, na chumba kiko tayari.

Jua lilipoteremka ilikuwa imekauka. Nimeipeleka kwa Thabit mwenyewe, kwa miguu, na matope. Kesho anampa mtu wa Maskati anayesafiri Landani, aitie posta huko huko. Zote mbili kwenye bahasha moja.

Basi.

Thuwaini


Hollowell, 6 Mei 2024

Kaka Thuwaini, shikamoo.

Nimeshukuru kusikia mko salama na maji. Shatha miguu imemvimba lakini mzima. Mie nimelala tangu juzi, naamka nakunywa chai nalala tena.

Bahasha imefika Jumatano, kura ni Alkhamisi. Nimezisoma zote mbili kwenye ngazi, na koti mwilini. Sikuingia hata ndani. Nikageuka nikatoka.

Nilikuwa na lile ua la utepe kifuani, wanalovaa wagombea. Langu jeupe, la asiye na chama. Nimefika kona ya Larch. Mlango wa buluu. Nikanyanyua mkono nigonge, kaka, na badala ya kugonga nimesema, 'Hodi!' Limenitoka tu. Na kutoka ndani, sauti ya Suud, 'Karibu!' Hakuuliza nani.

Nikalivua lile ua nikalitia mkobani. Utaingiaje nyumba ambayo hamjapeana mkono wa msiba na ua kifuani?

Suud kasimama katikati ya ukumbi. Kichwa chote cheupe. Kasema, 'Mahfudha. Nilidhani mtaa huu umeuhama.'

Nikasema, 'Nimekuja kwa ajili ya Wadha.'

Kaanza yeye kulia. Buthaina katoka jikoni na mikono ya unga, naye kaanza. Tukalia wote watatu, tumesimama hivyo hivyo, mwishowe wote tuna unga.

Kisha kasema, 'Nilimpigia siku ile ile nilipopata habari. Simu yake haipatikani. Nikampelekea sauti. Nikampelekea tena. Kila Idi nampelekea. Hajibu. Nikasema Thuwaini hanitaki tena, na wewe ukawa unavuka njia, nikajua ni neno moja.'

'Si ungempigia Thabit?'

'Thabit ndiye nani?'

Kaka. Hamjui. Suud kaondoka Ibra wewe hujahamia nyumba hiyo. Wote tulikuwa tunangojea ampigie mtu ambaye hajawahi kumsikia.

Buthaina kaleta kahawa na halua. Watoto wao wamekuja kunipa mkono mmoja mmoja, watu wazima, na wake zao. Wapiga kura wote sita wa nyumba ile wamekaa mbele yangu. Karatasi zangu zimo mkobani. Nimetia mkono, pini ya lile ua ikanichoma kidole. Nikafungua mdomo. Nikamtazama Suud, uso bado umelowa. Nikaufunga. Utasemaje? Poleni na msiba, na kesho nipigieni kura? Nimemaliza kahawa, nikatikisa kikombe kuwa imetosha, nikaaga.

Ijumaa mchana wamehesabu. Ukumbi wa michezo, mistari ya mpira chini, meza ndefu. Mwanga unaingia kwa juu, mweupe kama maziwa, watu wananong'ona. Karatasi zinafunguliwa, zinapangwa. Rundo langu na rundo la chama chekundu yanapanda pamoja, pamoja, mpaka huwezi kusema lipi refu. Nikawa kama nimelala juu ya maji, masikio yamefunikwa, naona midomo tu. Wakahesabu mara ya pili. Mtu wa baraza kapanda jukwaani kasoma majina.

Nimeshindwa kwa kura nne.

Watu wa chini ya reli walitoka, kaka. Yule wa sigara kaja na mama yake. Bwana Arthur anasema kaukamata mkono. Chama chekundu hawajawahi kupata kura chache hivi kata hii tangu mie nihamie. Kila mtu alikuwa ananipongeza, nikicheka nao kama bibi harusi.

Jumamosi Suud kanipigia. 'Nasikia ulikuwa unagombea mpaka mwisho?'

'Ndiyo.'

'Sasa mbona ulikuja ukalia ukaondoka? Hukusema kitu! Sisi tukadhani umejitoa.'

'Kwa hiyo hamkupiga kura?'

'Tumepiga sote. Kijana wa chama chekundu alikuja jioni ile ile. Yeye aliomba.'

Nimekaa chini jikoni nimecheka. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Kisha sikucheka tena.

Suud anasema, mwambie awashe simu.

Mengine nitaandika nikishalala vya kutosha.

Mahfudha


Ibra, 27 Mei 2024

Mahfudha,

Falaji imesafika, maji yanakwenda. Joto limekuja lote kwa pamoja. Nimemsomea Thabit ile 'Thabit ndiye nani'. Hakufurahi.

Umeshindwa. Miezi yote hii nilidhani nikilisikia neno hilo nitafurahi. Nikaenda chumba cha mama, nikakaa kitandani ningoje furaha. Haikuja. Nikawatukana chama chekundu, siwajui hata mmoja. Nikamtukana Suud. Kisha nikakumbuka tumeshapatana.

Simu haikuwa mbovu. Ni hii hii yangu, aliyoishika Wadha siku ile ya mwisho. Niliizima hospitali siku ile, nikaitia kabatini chini ya nguo zake. Sasa nimeitoa, nimeichomeka, imewaka. Zikaanza kuingia, inatikisika mezani kama panzi. Suud. Suud. Suud. Nimekwenda nazo shambani nikazisikiliza. Ya kwanza haina maneno, analia tu. Ya mwisho ya Idi hii, anauliza kama mtende wa baba bado unazaa. Nimempigia. Tumesema mitende.

Na Wadha yumo, sauti yake ya siku zile. Nilijua yumo, ndiyo maana niliizima. Anasema nikirudi nilete vitunguu, nisisahau kama juzi. Nimeisikiliza. Kisha nikaenda sokoni nikanunua vitunguu.

Sasa kuja kwako. Hujasema unakuja, hujasema huji. Mie nasema hivi. Usije kwa kile kiapo. Ukija kwa kuwa umeshindwa utakaa dirishani unatazama mitende, na macho yako yako Hollowell. Nakujua tangu unatambaa. Bwawa wameshalifunga? Kama bado, umelala unafanya nini? Viti si vitatu?

Chumba hakina haraka. Mie ndiye nilikuwa na haraka.

Thuwaini


Hollowell, 23 Juni 2024

Kaka yangu, shikamoo, shikamoo tena.

Shatha kajifungua. Wadha mdogo ana nywele nyingi na hasira. Hawakulifupisha.

Barua yako nilikuwa nayo kwa Suud, Buthaina kaichukua awasomee wote. Kafika kwenye vitunguu, kanirudishia. Suud katoka nje akakaa kwenye gari.

Nikwambie nisichokwambia. Nilikuwa naogopa. Si kushindwa, kuja. Kuingia nyumba ile na Wadha hayupo wa kunifungulia dirisha, nikukute wewe umekaa na ile simu iliyozimwa. Uliposema mbovu nilijua si mbovu. Niliapa nikishindwa nakuja kama mtu anayejifunga kamba, maana bila kamba nisingetoka hapa. Na kura zilipohesabiwa mara ya pili sikujua naomba nini. Nilinyanyua mikono kama wewe, mitupu.

Bwawa hawajalifunga. Wamesema wataliacha kwanza, watalitazama. Zile kura nne zimewatisha. Jumanne nimeogelea na wanawake wote wananipigia maji.

Na mwakani, kaka, ndiyo ule mwaka wa kupumzika. Hakuna kura ya baraza mpaka 2026. Bwana Arthur kasema ataukamata mkono mpaka wakati huo. Basi nakuja. Nakuja mwisho wa Julai, niwahi mchemsho wa tende. Nakaa mpaka tumeshapandisha mitende mwakani, utanionyesha. Kisha narudi kugonga. Tiketi nimekata ya kuja na kurudi, usiniulize siku ya kurudi.

Suud anakuja nami wiki mbili. Buthaina kasema safari ijayo nikipita kwao nianze na kura, kilio baadaye.

Mahfudha


Ibra, 10 Julai 2024

Mahfudha,

Wote wazima. Wadha mdogo nimemwona kwenye simu, kanikunjia uso. Vizuri.

Simu inafanya kazi na ningekupigia. Hili nimetaka kuliandika. Nimempa yule mtu wa Maskati, kama zile mbili za siku za mvua.

Masufuria ya tende yako nje, kuni zimepangwa. Tutaanza wiki ijayo na tutaendelea, hutokosa moshi. Kitanda chako nimekigeuza, kichwa kinatazama dirisha. Suud atalala kwangu. Akikoroma atalala kwa Thabit, wapate kujuana.

Jana mchana nimeota ule mtaa tena. Maji yanapita katikati. Milango yote iko wazi, nyeusi, iliyobabuka, yote. Watu wamekaa vizingitini, miguu imo majini, wanaongea. Wadha yuko kati yao, mchele umekwisha, mikono imepumzika. Nimepita. Hapana aliyeniuliza natafuta nini.

Mlango wetu nimeupaka rangi. Thabit kauliza kwa nini buluu. Nikamwambia dukani haikuwepo nyingine.

Ukifika usigonge. Piga hodi. Sitauliza nani.

Thuwaini